Kifaransa cha Bi Leonida

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta darasani. Ilipiga bati kwa kishindo hadi nikaacha kufundisha, tukakaa tukiangaliana na kucheka. Muhula wa masika umeanza. Kwetu huu ndio muhula mkubwa, maana masika magari ya watalii yanalala, na waongoza watalii wanapata nafasi ya kukaa kwenye dawati.

Shule yetu ina jina refu kwenye kibao, lakini hapa Karatu hakuna anayelijua. Mwambie dereva wa bodaboda "nipeleke Bonjuu," atakushusha getini. Mwaka huu tuna wanafunzi kutoka Uganda, Kenya, Malawi na Zambia, pamoja na wa hapa hapa. Watu huuliza mtu anaachaje nchi yake kuja kusomea Kifaransa Karatu. Bi Leonida, mwanzilishi wetu, huwajibu: "Nauli ya Paris ni kubwa. Hapa Paris inapita yenyewe kwa Landkruza kwenda Ngorongoro, ikisimama kununua maji unaisalimia."

Baada ya chai ameniita ofisini kwake.

"Bertha, mwezi wa sita tunatimiza miaka ishirini. Nataka historia ya shule iandikwe. Andika wewe."

"Mwalimu, si uandike mwenyewe? Mimi nimekuja juzi tu."

"Mimi nikiandika nitajisifu. Wewe utaandika ukweli, maana Mchaga hasifu mtu bure."

Sijui kama nilitukanwa au nilisifiwa. Nimeamua kuanza kwa kuandika haya ya kila siku, yatakayofaa nitayachukua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Matope mpaka mlangoni. Hakuna jipya.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimekaa na Bi Leonida jikoni kwake akichambua maharage. Amezungumza asubuhi nzima.

Ni Muiraqw wa Endabash. Masista wa misheni walimpeleka Bukavu, Kongo, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kusomea uuguzi. Akakaa huko hadi vita vya mwaka tisini na sita. "Nilikuwa naota kwa Kifaransa," aliniambia. "Nikigombana na mtu, Kifaransa. Nikisali, Kifaransa. Nilirudi nyumbani na begi moja, nikamsalimia mama yangu, yeye akaona ulimi wangu mzito. Akasema, huyu wamemrudisha Mzungu."

Akafungua kibanda cha vitenge sokoni. Siku moja akaletewa mama mmoja Mfaransa analia. Aliyemleta ni Raphael, wakati huo kijana wa Rombo, mwongoza watalii mgeni kabisa. Yule mama alianza kulia walipofika kwenye kingo za Ngorongoro, na Raphael alidhani anaumwa tumbo.

"Kumbe?" nikauliza.

"Kumbe marehemu mume wake ndiye aliyekuwa na hamu ya kuliona lile bonde miaka yote. Alikuwa analia kwa ajili yake. Raphael aliposikia hivyo akaniambia, 'Dada, nifundishe hii lugha. Nimemnywesha mama wa watu dawa ya kuhara.'"

Darasa la kwanza lilikuwa kwenye stoo ya mahindi, nyuma ya nyumba hii hii. Raphael akaleta wenzake. Baadaye akaja Mganda mmoja aliyesikia habari zetu kutoka kwa wenzake wa utalii, na baada ya huyo wageni hawakukatika tena.

Ijumaa, 21 Machi

Evelyn, yule Mzambia wa Livingstone, leo tena hakuja darasani. Amekaa bwenini amejifunika blanketi. Nimeandika "mvivu" pembeni ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio.

Ijumaa, 28 Machi

Bi Leonida aliingia kusikiliza kipindi changu. Nilikuwa naeleza wakati uliopita, na wengi walipokwama nikaeleza kwa Kiswahili, mambo yakaenda haraka. Koinet, kijana wa Kimaasai kutoka Narok, akatoa mfano wa ng'ombe aliyepotea, darasa likacheka. Baada ya kipindi Bi Leonida akanivuta kando.

"Ukieleza kwa Kiswahili, Evelyn unamwacha wapi?"

"Atajifunza Kiswahili, Mwalimu. Ndiyo lugha ya hapa."

"Hakuja kujifunza Kiswahili."

Nilikasirika. Nilipika chapati tatu nikala peke yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Bi Leonida ameanguka.

Alikuwa anafundisha wapya. Mimi nilikuwa darasa la pili, nikasikia kiti kinaanguka na watu wanaita. Nilipofika alikuwa sakafuni, chaki bado mkononi, upande wa kulia wa uso umelegea. Koinet alimbeba kama anavyobebwa ndama, kifuani, akakimbia naye mvuani hadi barabarani. Raphael alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa pili, akaleta gari. Nilimshika mkono njia nzima. Mkono ule haukunijibu.

Daktari amesema ni kiharusi. Amesema pia tumewahi. Nimelishika hilo la pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Ameamka asubuhi na kuanza kuzungumza. Nesi alinifuata nje mbio. "Mgonjwa wako anaweweseka, hatuelewi kitu."

Niliingia. Hakuwa anaweweseka. Alikuwa anaomba maji, kwa adabu kabisa, kwa Kifaransa. Nilimpa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole, Mwalimu wangu." Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Nikarudia kwa Kifaransa, uso ukatulia, akaniuliza nani yuko na wanafunzi.

Daktari alimpima kwa muda mrefu, mimi nikitafsiri. Mwishoni akasema hajawahi kuona hali hii kwa macho yake, amesoma tu kwamba inatokea. Lugha nyingine zimezimika, moja imebaki. Kiswahili chetu anakisikia kama sauti isiyo na maneno. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Tusimlazimishe.

Mchana akafika kaka yake, Mzee Inosenti, kutoka Endabash, kwa bodaboda, gambuti zimejaa matope na koti linachuruzika maji. Nilimwamkia, hakusikia hata. Alienda moja kwa moja kitandani akapiga magoti, akaongea na dada yake kwa Kiiraqw, maneno mengi, taratibu. Bi Leonida alimtambua. Machozi yalimtoka. Akamshika shavu kwa mkono wa kushoto, akasema neno.

Mzee akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema umelowa."

Alingoja kama kuna lingine. Halafu akavua kofia, akasema, "Kweli, nimelowa. Mwambie nimelowa." Nikamwambia.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Ameanza kunywa uji kwa kijiko mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Manesi hawawezi kumhudumia mtu wasiyemwelewa, kwa hiyo wanafunzi wanapeana zamu. Walioanza juzi wanaweza tu "maji," "maumivu," "choo," lakini mgonjwa hahitaji zaidi ya hayo kwa saa nyingi.

Leo nilikwenda kumpokea Evelyn. Nilisikia kicheko tangu koridoni. Evelyn, ambaye sijamsikia akisema sentensi nzima tangu muhula uanze, alikuwa anasimulia jinsi tumbili walivyoingia kanisani kwao siku ya ubatizo wa mdogo wake. Kifaransa chake kilikuwa kibovu, vitenzi vimevunjika kila mahali, lakini hakuwa anasita. Bi Leonida alikuwa anafuta machozi ya kucheka kwa pembe ya shuka.

Tulipotoka nikamuuliza mbona darasani hasemi. Akafikiri, akanijibu kwa Kifaransa hicho hicho: "Darasani ninyi wote mna lugha nyingine ya kukimbilia. Mimi na Madamu hatuna."

Niliporudi nyumbani nilifuta lile neno pembeni ya jina lake.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Ameruhusiwa. Tumemrudisha nyumbani kwake, yaani shuleni. Mzee Inosenti alikuwa anatungoja getini na godoro jipya limefungwa kwenye bodaboda.

"Nimekuja kumchukua," akasema. "Nyumba yake Endabash nimeshaisafisha. Atalelewa kwao."

"Baba, Endabash nani atazungumza naye?"

"Mimi. Ni dada yangu."

"Kwa lugha gani?"

Sikukusudia itoke vile. Akaanza kufungua kamba za godoro. "Basi nitangoja apate nguvu. Ataamua mwenyewe."

Alipoondoka, Raphael alivuta kiti karibu yangu. Yeye sasa ana mvi, na waongoza watalii wote wa mjini wanamwamkia. "Mdogo wangu, fungua macho. Kiwanja hiki kiko barabarani. Lodge zinajengwa kila kona. Mgonjwa akishapelekwa kijijini, mwezi unaofuata utasikia shule imekuwa gesti."

"Mzee Inosenti?"

"Sijasema neno baya juu ya mtu. Nimesema kiwanja kiko barabarani."

Usingizi umechelewa. Nimejikuta nahesabia ubaya kila kitu alichofanya yule mzee: jinsi alivyoangalia paa, jinsi alivyotembea mpaka kwenye uzio.

Alhamisi, 17 Aprili

Ukungu mzito umeshuka kutoka Ngorongoro, hatuoni hata barabara. Raphael anafundisha wapya badala ya Bi Leonida. Anafundisha vizuri kuliko mimi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mzee Inosenti amekuja baada ya misa, amevaa suti. Tulikaa sebuleni kwa Bi Leonida: yeye, mimi, Raphael, na Evelyn aliyekuwa anamshikia kikombe. Mzee aliomba nimuulize dada yake swali moja tu: anataka kukaa wapi?

Niliuliza. Bi Leonida akajibu, "Chez moi," yaani kwangu, nyumbani.

Nyumbani ni wapi? Neno lile linaweza kuwa hapa na linaweza kuwa Endabash, na mle ndani hakuna aliyekuwa na Kifaransa na Kiswahili pamoja ila mimi na Raphael, na Raphael alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema "hapa," na ungekuwa mwisho wa maneno. Ulimi ulikuwa umeshapata njia. Lakini nilimtazama yule mama, amekaa na mkono wake mmoja umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na nikawaza kwamba hana mlango mwingine wa kutokea zaidi ya kinywa changu.

Nikasema, "Anasema nyumbani. Ngoja nimuulize nyumbani wapi."

Evelyn, aliyelisikia jibu lile la Kifaransa, akaniwahi kumuuliza ni wapi. Bi Leonida akafikiri, akasema polepole: "Pale ninapoeleweka."

Nilitafsiri neno kwa neno. Raphael alishusha pumzi. Mzee Inosenti alibaki ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mimi simwelewi," akasema.

"Baba, hakusema hivyo."

"Amesema. Na ni kweli." Akasimama, akamfunika dada yake shuka vizuri magotini, akatoka na suti yake mvuani. Nilimfuata na mwavuli. Alikataa kwa mkono.

Nilipata nilichokitaka, na pilau yangu ya Pasaka nikawagawia wanafunzi.

Jumatano, 23 Aprili

Barabara ya Endabash imekatika kwenye korongo. Hakuna gari wala pikipiki inayopita. Bi Leonida ameuliza mara mbili kama kaka yake anakuja leo.

Jumamosi, 26 Aprili

Bado anauliza.

Jumatatu, 28 Aprili

Nitaandika kirefu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeshaanza. Mlango ukagongwa, akaingia Mzee Inosenti. Alikuwa ametembea kwa miguu mpaka ng'ambo ya korongo, akapata lifti ya lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Kofia mkononi, gambuti ameziacha nje, yuko na soksi.

"Shikamoo, Baba," darasa zima.

"Marahaba, wanangu." Akanigeukia. "Mwalimu, nimekuja kusoma."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Kusoma Kifaransa?"

"Kuna kingine mnafundisha?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza alipoona wengine hawacheki. Koinet alisimama, akamwachia kiti chake cha mbele, akaenda kukaa dirishani.

Niliendelea na somo, "naitwa fulani, natoka mahali fulani." Alirudia pamoja na wengine, sauti yake nene ikiburuta nyuma yao. Kinywa chake hakina herufi zile; kila neno lilitoka na miba ya Kiiraqw. Mwisho wa kipindi nikamuuliza kama ana swali.

"Ninalo. Hotelini siendi, mwalimu. Hiyo ya 'karibu, chumba chako ni hiki' haitanisaidia. Nifundishe kusema: ng'ombe wako mweusi amezaa."

Niliandika ubaoni. Akarudia.

"Na: mahindi tumeshapalilia."

Hapo nilikwama. Nimefundisha Kifaransa miaka sita na sijawahi kumsikia mtu akitaka neno la palizi. Nikaenda kuuliza Bi Leonida chumbani. Akanipa neno, akataka kujua nani analihitaji. Sikumwambia. Nilirudi darasani nikakuta Mzee ameandika jingine mwenyewe kwa Kiswahili, herufi kubwa kubwa: *Kaburi la mama tumelisafisha.*

Wanafunzi wote wameyanakili maneno hayo.

Jumatatu, 5 Mei

Mzee anakuja kila siku. Amehamia kwa Raphael, wanalala chumba kimoja na kubishana juu ya matamshi. Raphael hasemi tena habari za kiwanja.

Jumapili, 11 Mei

Leo amesema yuko tayari.

Bi Leonida alikuwa amekaa barazani, mvua nyepesi. Hakujua chochote, muda wote huo kaka yake alikuwa anaingia kumsalimia kwa ishara tu, na Mzee mwenyewe alituomba tusimwambie, ili amshtue. Mzee akavuta kigoda, akakohoa, akakazia macho ukuta kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi.

"Leonida. Mimi ni kaka yako Inosenti. Ng'ombe wako mweusi amezaa. Mahindi tumepalilia. Kaburi la mama ni safi."

Kwa Kifaransa. Kibaya mno. Kila neno lilieleweka.

Bi Leonida aliweka mkono mdomoni. Alilia kwanza, halafu akauliza kitu kwa haraka, Mzee akakosa kuelewa, dada yake akauliza tena taratibu: dume au jike? "Jike!" akajibu Mzee, akapiga goti lake kwa furaha kama ndiye aliyezaa. Wakaendelea, sentensi kama vijiwe vya kuvukia mto, hiki na hiki. Sisi wengine tuliona tuondoke.

Bi Leonida akaniita. "Bertha, ile historia umeianzia wapi?"

"Kwa Raphael na yule mama aliyelia."

"Ianzie nyuma zaidi. Niliporudi na begi moja, watu walisema masista wamenifukuza, sina kitu, sina mume. Huyu alikuwa na kiwanja hiki, urithi wake kutoka kwa baba. Akanipa. Akasema niwaambie watu nimenunua mwenyewe, ili waniheshimu. Nimewaambia hivyo karibu miaka thelathini. Sasa andika."

Mzee alikuwa ananitazama akitaka kujua. Maneno yale yalikuwa marefu kuliko Kifaransa chake. Nilipomwelezea alikunja uso. "Alipaswa kunyamaza," akasema. "Nilimpa mambo ya kiwanja yaishe, si yaandikwe."

Nilimwomba msamaha. Aliuliza wa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimdhania mchumia tumbo. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ningekuwa nakitaka kiwanja ningekuja na mwanasheria. Nilikuja na godoro."

Jumanne, 20 Mei

Jua la kwanza siku nyingi. Tumeanika mablanketi yote ya bweni kwenye uzio. Evelyn anasaidia kufundisha wapya, na haruhusu neno la Kiswahili.

Jumamosi, 31 Mei

Muhula umefungwa. Landkruza zimeanza kupanda Ngorongoro tena, na waongoza watalii wetu wameondoka wamekunja mikono ya mashati. Koinet amepata kazi kwenye lodge moja.

Bi Leonida anakwenda Endabash wiki ijayo. Ni uamuzi wake. Ameniambia shule ni yangu kuiendesha, na kwamba sherehe ya miaka ishirini nisiifanye kubwa, niwaite tu waliowahi kukaa stoo ya mahindi. Nilimuuliza kama hataona upweke kule.

"Kuna mtu wa kuzungumza naye," akasema. "Ana makosa mengi. Nitapata kazi ya kufanya."

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi sasa hivi kutoka Endabash, mimi na Evelyn. Barabara imetengenezwa kidogo, mbaazi zimefunga maua, baridi kali. Tulimkuta Bi Leonida juani nje ya nyumba, anatembea hatua chache kwa fimbo. Wake wa wajukuu wa Mzee wanamsalimia kwa Kifaransa wakipita na ndoo, wanakosea, anawarudisha kusema upya.

Tulikula makande. Baada ya chakula Mzee Inosenti akamletea chai. Alimimina, akawa anamweleza kwa Kifaransa chake habari za ndama, kwamba amekataa kunyonya, na akaendelea kumimina bila kuangalia mpaka kikombe kikafurika.

Bi Leonida akamwambia aache, kimejaa.

Akamwambia kwa Kiiraqw.

Kiiraqw changu ni cha sokoni, lakini neno lile nimeambiwa mara nyingi na wauza maziwa. Mzee aliacha kumimina, akafuta meza kwa kiganja, akaendelea na habari za ndama. Yeye hakuona kitu. Hata Bi Leonida hakuona. Alikuwa anapuliza chai yake. Evelyn alinitazama kwa kuwa nilikuwa nimeshika mkono wake kwa nguvu.

Daktari alisema tusilazimishe. Niliomba sukari, wakanipa.